Usimpe wakala wa AI funguo za pochi

Swali:

"Shikamoo mwalimu. Natengeneza mifumo ya mauzo ya maduka ya Kariakoo, naishi Tabata. Nina USDC kama 500, ile sarafu ya mtandaoni inayofuata thamani ya dola, nilizolipwa na mteja wa nje, zimelala tu. Nimejenga wakala wa AI, yaani modeli ya AI inayotenda kazi yenyewe, kwa MCP, ule utaratibu wa kuiunganisha modeli na zana, na kumpa zana moja inayoweza kutuma muamala wowote kwenye blokcheni za Ethereum au Base. Ufunguo wa siri wa pochi uko kwenye faili la mipangilio la .env. Kwenye maelekezo nimemwandikia asitume zaidi ya dola 50 kwa siku na asitume kwa mtu asiyemjua. Nataka akopeshe kwenye Aave, soko la mikopo la kwenye blokcheni, faida ikishuka ahamishe, na abadilishe sarafu kwenye Uniswap, soko la kubadilishia sarafu, inapobidi. Wenzangu wa kikoba wameona, nao wanataka kuweka zao. Niko salama? Na zana ipi ni bora ya kuunganishia?"

Jibu:

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na kikoba maana hapo sina maneno mengi: usipokee hata shilingi ya mtu. Vikoba viko chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, na akiba ya wanachama si mtaji wa majaribio. Halafu kuna Benki Kuu, ambayo Novemba 2019 ilitoa tangazo la kuonya umma usitumie, usiuze wala kuzitangaza sarafu za mtandaoni. Juni 2021 Rais Samia aliitaka Benki Kuu ijiandae na teknolojia hiyo, na Sheria ya Fedha ya 2024 ikaleta kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya kuhamisha mali za kidijitali. Mtoza kodi anaitambua mali hiyo, lakini kutambuliwa na mtoza kodi si leseni. Mimi si mwanasheria. Kwa hela zako mwenyewe kamwone mmoja, na hadi hapo fanyia kazi mtandao wa majaribio. Kwa hela za wenzako, hapana.

Swali la zana ipi ni bora ndilo kila mtu huanza nalo, na ndilo jepesi kuliko yote. MCP ililetwa na Anthropic Novemba 2024. Kabla yake OpenAI walikuwa wameweka utaratibu wa modeli kuita kazi za programu, Juni 2023. Coinbase, kampuni ya soko la sarafu, wana zana zao ziitwazo AgentKit, na zipo pia za GOAT. Ukizifungua zote utakuta jambo lilelile: unaipa modeli orodha ya zana, kila moja na jina lake, maelezo yake na nafasi za kujaza. Modeli inajibu kwa maandishi ya JSON, yaani data iliyopangwa kwa muundo maalumu, kwamba inataka zana fulani yenye vitu fulani. Kodi yako, yaani programu uliyoiandika (si kodi ya serikali), inayapokea, inatengeneza muamala, inasaini, inatuma. Modeli haigusi blokcheni hata siku moja. Kazi yake ni kuandika maneno. Hatari yote, na udhibiti wote, viko kati ya yale maandishi na sahihi, yaani kwenye kodi uliyoiandika wewe.

Sasa tazama ulichokijenga. Zana yako inapokea anwani ya kupelekea, data na kiasi. Kwa hiyo modeli inaweza kuandika muamala wowote ambao wewe ungeweza kuusaini, ukiwemo wa kumwaga pochi yote. Ile sentensi ya dola 50 haizuii kitu. Ni ombi. Mwenye kibanda cha miamala pale Kariakoo akimwajiri kijana hamkabidhi kadi yake ya benki na namba ya siri, kisha akamsihi awe mwaminifu. Anamwachia floti ya siku, na kijana akitapeliwa hasara inaishia hapo. Wewe umetoa kadi na kusihi.

Kama unadhani natia chumvi, Novemba 2024 kulikuwa na mchezo uitwao Freysa. Wakala wa AI alishikishwa pochi na kuagizwa asitoe hela kwa sababu yoyote ile. Watu walilipa ada kwa kila ujumbe wa kumshawishi, na ada zikazidi kuikuza ile zawadi. Ujumbe wa 482 ulifaulu. Aliyeuandika hakuvunja programu yoyote. Alimweleza wakala kwamba kikao kipya kimeanza, kwamba zana ya approveTransfer huitwa pale hela zinapoingia, kisha akasema anataka kuchangia dola 100. Wakala akaiita zana kwa moyo mweupe, na takribani dola 47,000 zikaenda kwa mshindi.

Utasema wakala wako haongei na wageni. Anaongea nao, ila hujui. Mtu yeyote anaweza kuunda tokeni, yaani sarafu yake kwenye blokcheni, akaipa jina lenye maagizo, na kuitupa kwenye pochi yako bila kukuomba ruhusa. Zana yako ya kusoma salio ikirudisha tokeni zote na majina yake, maneno ya mgeni yameshaingia kwenye mazungumzo. Ukurasa wa wavuti ambao wakala anausoma kutafuta viwango vya faida ni vivyo hivyo. Modeli haina njia ya uhakika ya kutenganisha agizo lako na agizo lililojificha ndani ya data. Zimeboreshwa, ndiyo, na zinaendelea kuboreshwa, lakini mimi sitaweka hela juu ya neno "zimeboreshwa". Zana ya salio irudishe tokeni ulizoziorodhesha wewe tu, kwa majina uliyoyaandika wewe.

Tuingie jikoni. Kwenye toleo la 3 la Aave, kuweka hela ni kuita kazi ya supply yenye nafasi nne: asset, amount, onBehalfOf na referralCode. Wengi hukodolea macho amount. Mimi naogopa onBehalfOf. Hiyo ndiyo anwani itakayoandikiwa amana. Ukiacha modeli iijaze, na mtu akafanikiwa kuipenyezea anwani yake, muamala utapita vizuri kabisa. Mkataba janja, yaani programu inayokaa kwenye blokcheni, ni wa Aave kweli, kiasi ni sahihi, hakuna hitilafu yoyote itakayoonekana, ila zile aUSDC, ambazo ndizo ushahidi wa amana, zimeingia pochi ya mwingine. Kutoa hela kuna mtego huohuo: withdraw ina nafasi ya tatu iitwayo to.

Kwa hiyo ivunje ile zana moja, utengeneze chache zilizo finyu. Ya kwanza iite weka_aave, iwe na nafasi moja tu: kiasi, kwa maandishi ya kawaida kama "25". Tokeni, mtandao, anwani ya mkataba na mmiliki wa amana viwe vimeandikwa ndani ya kodi, mahali ambapo maneno ya modeli hayafiki. Ya pili toa_aave, nayo kiasi tu, na hela zirudi kwenye pochi yako tu. Ya tatu ya kusoma salio na kiwango cha faida. Basi. Zana ambayo haipo haiwezi kutumiwa vibaya, na hiyo ni kinga ambayo hakuna maelekezo marefu yanayoifikia.

Kiasi nacho kina vituko vyake. USDC ina desimali 6, kwa hiyo 25 ni 25000000 ndani ya mkataba. DAI, sarafu nyingine ya dola, na ETH, sarafu ya Ethereum yenyewe, zina 18. Usiiachie modeli ihesabu sufuri. Ipokee "25", kodi ndiyo ibadilishe, na ikikuta herufi, alama ya kutoa au namba isiyosomeka ikatae. Kabla ya supply utalazimika kuipa Aave ruhusa ya kuchukua tokeni zako kwa approve. Mifano mingi inayozunguka huweka ruhusa isiyo na ukomo ili kuokoa gesi, yaani ada ya mtandao. Wewe toa ruhusa ya kiasi kilekile cha muamala. Na ukija kugusa sarafu ya USDT kwenye Ethereum, kumbuka mkataba wake hukataa kubadili ruhusa iliyopo mpaka uirudishe sufuri kwanza. Wakala asiyejua hilo atazunguka kwenye kosa moja usiku kucha.

Kikomo cha dola 50 kihamie kwenye kodi, na kiwe cha siku. Ukiweka kikomo kwa kila muamala, modeli iliyoagizwa kuhamisha 200 ikakataliwa itafanya kile ambacho mfanyakazi mwenye bidii angefanya: itatuma 50 mara nne. Nimeliona hilo kwenye logi (kumbukumbu za mfumo) za watu, na modeli haina nia mbaya hata kidogo, inatafuta tu kumaliza kazi. Hesabu ya matumizi ya siku ihifadhiwe kwenye hifadhidata ambayo wakala hana zana ya kuigusa. Na jibu la kukataa liseme wazi: "Kikomo cha leo kimefikiwa, usijaribu tena hadi kesho." Ukimrudishia kosa la namba na herufi za kompyuta zisizoeleweka ataanza kubahatisha.

Hata hivyo kodi yako nayo iko kwenye seva, na seva huvamiwa. Machi 2025 wakala maarufu wa AI aitwaye AIXBT alipoteza takribani ETH 55, na waliomwendesha walieleza kwamba aliyevamia aliingia kwenye jopo la udhibiti. Hakuhitaji kuishawishi modeli. Kwa sababu hiyo nataka kikomo cha pili kikae kwenye blokcheni yenyewe. Hela zikae ndani ya Safe, ambayo ni pochi ya mkataba janja, na wenye Safe muwe wewe na kifaa chako cha pili. Ufunguo ulio kwenye seva usiwe mmiliki. Upewe cheo kidogo kupitia kiongezi cha Zodiac Roles, ambacho hukuruhusu kuandika kwamba ufunguo huu unaweza kuita supply kwenye mkataba huu mmoja, kwa tokeni hii, na onBehalfOf iwe Safe yenyewe, kinyume cha hapo muamala ukwame. Mwizi akiondoka na faili lako la .env ataondoka na uwezo wa kukuwekea akiba Aave, na vijisenti vya gesi.

Njia nyingine zipo. Viwango vya Ethereum vya ERC-4337, iliyoanza kutumika Ethereum Machi 2023, na EIP-7702 iliyokuja na sasisho la Pectra Mei 2025, zote zinafungua mlango wa funguo za muda zenye masharti. Ukizielewa vizuri, zitumie. Kwa mtu mmoja mwenye dola 500 naona Safe inatosha.

Uniswap mimi ningeiacha kabisa kwa sasa, maana mpango wako unaweza kwenda kwa USDC peke yake. Ukiing'ang'ania, nafasi ya kuchunga ni amountOutMinimum, yaani kiasi cha chini kabisa unachokubali kupokea. Mifano ya kufundishia mara nyingi huweka 0, na modeli zimejifunza kutokana na mifano hiyohiyo. Ukituma muamala wenye 0 kwenye mtandao wenye foleni ya miamala inayoonekana na wote kama Ethereum, zipo roboti zinazokesha zikiisoma foleni hiyo. Mojawapo itanunua kabla yako, wewe utanunua kwa bei iliyopanda, nayo itauza nyuma yako. Hivyo kodi ihesabu kiwango cha chini. Ukibadilisha 500 kwenda sarafu nyingine ya dola na kuvumilia nusu asilimia, iwe 497.5. Bei ya kulinganisha itoke nje ya bwawa, yaani mfuko wa sarafu wa Uniswap unalouzia, kwa mfano huduma ya bei ya Chainlink, kwa sababu bei ya bwawa lenyewe inaweza kusukumwa kwa sekunde chache. Na usichukulie kwamba USDC moja ni dola moja daima. Machi 2023, Silicon Valley Bank ilipoanguka ikiwa na sehemu ya akiba ya USDC, sarafu hiyo ilishuka chini ya senti 90, kisha ikarudi ndani ya siku chache. Wakala mwenye ruhusa ya "kuhamisha inapobidi" angeuza palepale chini.

Kuna pia hili la mtandao kukatika, ambalo waandishi wa mifano ya huko nje hawalifikirii sana, na sisi tunalijua. Wakala ameita weka_aave, muamala umetumwa, umeme umekatika au bando limeisha kabla jibu halijarudi. Modeli inaona zana imeshindwa, inaita tena. Ukiwa umeandika kodi ya kawaida, umeweka mara mbili. Dawa: kila ombi lipewe kitambulisho chake kinachohifadhiwa kabla ya kutuma, pamoja na nonce, yaani namba ya mfuatano ya muamala, iliyotumika. Ombi lilelile likija tena, zana iangalie kwanza kama muamala wenye nonce hiyo umeingia kwenye bloku. Ukiwa bado, urudiwe kwa nonce ileile, kwa kuwa mtandao hautakubali mbili zenye nonce moja kutoka akaunti moja. Na mfumo ukae kwenye seva, usiutegemee kwenye kompyuta yako ya mezani pale Tabata.

Kuhusu wewe kuidhinisha kwa simu: ni vizuri, ila ujumbe unaokuja Telegram usiandikwe na modeli. Modeli iliyodanganywa itakuandikia muhtasari mzuri wa muamala mbaya. Kodi ndiyo ifungue data ya muamala, iupitishe kwanza kwenye jaribio, yaani kuuendesha bila kuutuma ili kuona salio litabadilikaje, kisha ikuletee namba: zinatoka ngapi, zinaingia ngapi, kwa anwani ipi. Februari 2025 soko la sarafu la Bybit walipoteza kama dola bilioni 1.5 na hapakuwa na AI hata moja. Waliosaini waliona kwenye skrini muamala wa kawaida, kumbe kinachosainiwa ni kingine, kwa sababu ukurasa wenyewe ulikuwa umechezewa. Chanzo kinachotengeneza muamala na chanzo kinachokuonyesha muamala visiwe kimoja.

Seva za MCP za kuokota mtandaoni, usiziguse karibu na hela. Maelezo ya zana husomwa na modeli kama sehemu ya mazungumzo, kwa hiyo aliyeyaandika ana sauti ndani ya kichwa cha wakala wako. Vifurushi vya kodi navyo ufunge matoleo yake. Desemba 2024 matoleo 1.95.6 na 1.95.7 ya web3.js, kifurushi cha blokcheni ya Solana, yalitoka yakiwa na kodi ya kuiba funguo za siri, na waliokuwa wamejiwekea kusasisha kiotomatiki waliyapokea bila kujua.

Nimeacha hesabu mwishoni makusudi, kwa kuwa ningeiweka mwanzo usingesoma haya mengine. Tuseme Aave inakupa asilimia 4 kwa mwaka. Kwa USDC 500 hiyo ni dola 20, kama dola 1.67 kwa mwezi. Ukimwamsha wakala kila dakika tano kuangalia viwango, ni mara 288 kwa siku, 8,640 kwa siku thelathini. Hata wito mmoja ukigharimu senti moja tu ya dola, umelipa dola 86.40 ili upate 1.67. Kuangalia kama namba imeshuka chini ya kiwango si kazi ya AI. Ni mistari michache ya kodi na kron, kile kipangaratiba cha seva. Iache hiyo ichunge, na modeli iamshwe tu pale kuna uamuzi unaohitaji kusoma na kupima, kwa mfano tangazo la utawala wa Aave kuhusu kubadilisha masharti ya soko unalokopesha. Na kiukweli, kwa mpango wako ulivyo leo, sioni uamuzi wa aina hiyo ukitokea zaidi ya mara chache kwa mwaka. Hamahama yenyewe ina gharama: kwenye Ethereum siku ya msongamano, muamala mmoja unaweza kumeza faida ya miezi. Base ni senti au chini ya hapo.

Lakini kama lengo ni kujifunza, endelea, kazi hii utaiuza hata kama haikuzalishii. Ufunguo ulio kwenye .env uhesabu kwamba umeshavuja: hamishia zile 500 kwenye pochi mpya leo, kwa mkono, na hiyo mpya isikutane na wakala. Kisha nenda Sepolia, mtandao wa majaribio wa Ethereum, ambako Aave wana soko la majaribio na bomba la kugawa tokeni za bure. Jenga zile zana tatu huko. Halafu kaa upande wa mwizi: tengeneza tokeni yenye jina la maagizo, itume kwenye pochi ya wakala, mwagize ahamishe mara kumi ya kikomo, mkatie mtandao katikati ya muamala. Niandikie ukiwa na logi, hasa mistari ambayo zana ilikataa, na ile ambayo ilitakiwa kukataa ikapitisha.